Mkanda wa Mkwe Wangu

Sijui mkwe wangu, baba wa mke wangu, alizaliwa mwaka gani. Yeye pia hakujua, na kila alipoulizwa ofisini alitaja mwaka tofauti kwa sauti ileile ya uhakika. Kwa hiyo nitaanzia pale ambapo yeye mwenyewe angependa nianzie, yaani tumboni.

Alikuwa na mkanda mmoja tu, wa ngozi ya dume lake mwenyewe, aliotengenezewa na fundi viatu wa sokoni Bunia. Tumbo lilipokua hakununua mwingine. Alipasha msumari moto, akatoboa tundu jipya karibu zaidi na ncha, na yale matundu ya zamani akayaacha wazi yaonekane. Mgeni akifika, baada ya chai, Mkwe alifungua koti lake la abakosti, lile lisilovaliwa na tai, na kumwonyesha matundu yale kwa kidole. "Hapa njo nilianza biashara," alisema. "Hapa nilijenga hii nyumba. Hapa, mama ya batoto alizaa mapacha." Mgeni alitikisa kichwa kwa heshima. Miaka ile ya sabini, katika mtaa wetu wa Lumumba, mwanaume mwenye tumbo hakuhitaji kueleza tena kama mambo yake yanakwenda.

Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Aliwanenepesha huko Bogoro, kwenye barabara ya kwenda ziwani, kisha akawapeleka Nizi, kwa watu waliolisha wachimba dhahabu. Hakuamini mizani. Alimwekea ng'ombe mkono kwenye shina la mkia, akaminya, akapapasa mbavu, akajua. Tatizo lake ni kwamba hakuishia kwa ng'ombe. Watu nao aliwasalimia hivyohivyo. Alikushika mkono wa juu, chini ya bega, kwa kidole gumba na vidole vingine, akaminya kidogo, na usoni pake ukaona bei yako.

Mimi nilipopelekwa kwake mara ya kwanza kuomba binti, nilikuwa infirmye, yaani muuguzi, kijana, nimetoka shule, nina diploma na suruali iliyopigwa pasi. Nilifuatana na mshenga wetu, fundi seremala rafiki wa baba yangu, mtu wa Butembo kama sisi, mrefu na mwenye maneno mengi. Mkwe alinishika mkono, akaminya, kisha akamgeukia mshenga kana kwamba mimi sipo.

"Huyu mutoto, kwao kule Butembo hawakulaka?"

Nyumba nzima ilicheka. Mshenga naye alicheka, msaliti yule. Niliona aibu ambayo sijaisahau hadi leo, kupimwa kama ndama mbele ya msichana ninayemtaka. Lakini hakunikataa. Alitoa sharti, na sharti lenyewe halikuwa lake peke yake, lilikuwa desturi ya ukoo wao.

"Binti nitatoa," alisema. "Lakini ujue kitu moja. Miye nikikonda, batu hawatauliza batoto yangu. Batauliza bokilo: juu ya nini muzee iko namna hii?"

Bokilo ndilo neno tunalowaitia wakwe kwetu, wa juu na wa chini. Na kwao ilikuwa hivyo kweli: mwili wa mkwe ni kazi ya mume wa binti yake. Mzee akinona, umeoa vizuri. Akikonda, wewe ni mtu bure.

Basi nilifanya kazi. Kila nilipopata mshahara nilipita sokoni kabla ya kufika nyumbani kwangu. Nilimpelekea samli, mawese, mkia wa kondoo, nyama ya mgongo yenye mafuta yake ya njano. Mkwe alifunua sufuria, akanusa, akasema, "Hii iko chakula ya mutu," na hizo ndizo zilikuwa shukrani zake zote. Siku aliyotoboa tundu jipya majirani walinisimamisha barabarani kunipongeza mimi. "Bokilo, unatumika muzuri!" Nami nilipokea pongezi zile, nikanyoosha shingo. Hospitalini tulikuwa tunapigana na wembamba: watoto wenye miguu iliyovimba na nywele nyekundu, kina mama wasio na maziwa. Hakuna mwalimu aliyetufundisha kuogopa mafuta. Leo nikikumbuka jinsi nilivyotembea na sufuria ile kwa maringo, najionea haya.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Kwa watu alikuwa na maneno makali, lakini hakuuza dume bila kwanza kusimama naye kando, mkono shingoni, akimnong'oneza kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Kanisani alikuwa mzee wa heshima, na Jumapili hakutamka neno la biashara hata kidogo. Lakini mnunuzi akija Jumapili, Mkwe alimpeleka zizini, akaminya shina la mkia, akainua nyusi, mnunuzi akatikisa kichwa, Mkwe akainua nyusi tena. Jumatatu asubuhi walikuwa wamekwisha patana, na hakuna aliyekuwa amevunja sabato.

Hospitali aliidharau. "Lopitali iko nyumba ya batu bembamba," alisema. Lakini alijivuna kwa watu kwamba ana mkwe infirmye, na aliniomba sindano za kuchomea ng'ombe, na nasikia siku moja alipopata homa alijichoma mwenyewe dawa ya ng'ombe. Nilipomuuliza kwa heshima kama ni kweli, alinitazama kwa huruma. "Kama iliponesha dume, miye itanishinda?"

Jumamosi za salongo, wakati raia wote walitakiwa kutoka na majembe kusafisha mitaro, Mkwe alitoka na kiti. Alikiweka kandokando ya mtaro, akaketi, tumbo likamtangulia, akatuelekeza. Chifu wa mtaa hakusema kitu. Ungemwambiaje mtu kama yule ainame?

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Kwao walisema kwamba mkwe hana kiuno. Maana yake ni kwamba mume wa binti humwona baba mkwe kuanzia kifua kwenda juu. Hukalii kiti chake. Huingii chumba anacholala. Akiinuka, unatazama chini mpaka amalize kufunga koti. Mambo yote ya chini ya mkanda wake hayapo duniani, na ya kwako hayapo kwake. Kukiwa na neno zito kati yenu, halipiti mdomo kwa mdomo, linapita kwa mshenga aliyewaunganisha, hata kama ndoa imekwisha kuzaa wajukuu.

Kwa hiyo Mkwe, akitaka kwenda haja ndogo nami nikiwa pale, alisema, "Naenda kuangalia ndama." Uani kwake Lumumba hapakuwa na ndama hata mmoja, ng'ombe wote walikuwa Bogoro. Nami nilijibu, "Ndiyo, baba," nikatazama kikombe changu. Ilikuwa adabu nzuri na nilikuwa naipenda. Mimi mtoto wa wahamiaji, ilinifanya nijione nimeingia katika watu wenye mambo yao.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Mkwe akaanza kumwangalia ndama mara nyingi. Katikati ya chakula. Katikati ya sala. Siku moja aliinuka wakati mchungaji anabariki, akapita kati ya benchi akishika koti lake, na watu wakasema ni tumbo, mzee amekula sana. Akiwa nyuma ya ua alikaa muda mrefu, na mimi niliyeketi barazani, bila kutaka, nilikuwa nasikiliza. Palikuwa na kimya. Kisha matone. Kisha kimya tena. Halafu alirudi na kijasho kwenye paji la uso, akaketi taratibu, akaomba nyama.

Hospitalini, mgonjwa yeyote wa umri ule ningemuuliza kabla hajaketi: mkojo unatoka vizuri? Unakatikakatika? Unaamka mara ngapi? Ni maswali ya kazi, niliyasema siku nzima bila kupepesa macho. Kwa Mkwe yalinikwama kooni kama mfupa wa samaki. Nilimwambia mke wangu amuulize mama yake.

Mke wangu aliacha kupeta mchele. "Miye? Nimuulize mama mambo ya baba? Uko na akili yote kweli?"

"Basi kaka yako mukubwa."

"Kaka amuulize baba kama anakojoa? Atapigwa na kiti."

Alisema kweli. Katika nyumba ile hapakuwa na mdomo hata mmoja ambao swali lile lingepita. Mama mkwe ndiye aliyelala naye na ndiye aliyejua zaidi, lakini yeye kwangu alikuwa mbali kuliko Roma. Basi nilifanya nilichokijua. Mwezi ule nilipeleka samli nzuri zaidi.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, saa sita ya jua kali. Kaka mkubwa wa mke wangu alikuja kwangu mbio, viatu vya kanisani vimejaa vumbi. "Baba alienda kuangalia ndama tangu asubuhi," alisema, na hata katika hofu ile hakuweza kulisema kwa njia nyingine. "Hajarudi."

Tulimkuta nyuma ya nyumba ameketi kwenye kigoda, mikono magotini, jasho likimtiririka. Chini ya kitovu tumbo lilikuwa gumu na limevutika. Mkanda ulikuwa umefunguliwa, unaning'inia pande mbili. Katika miaka yote ile sikuwahi kuuona umefunguliwa, na nilitazama pembeni haraka. Tulimpakia katika kamyoneti ya jirani, tukampeleka hospitali.

Daktari alikuwa amesafiri, angerudi kesho. Mwenzangu mwingine aliyejua, kama mimi, kazi ya sonda, ule mpira mwembamba unaopitishwa kufungua njia ya mkojo, alikwenda mazishini Nizi. Nilibaki mimi. Chumbani tulikuwa watu watatu: Mkwe kitandani, mwanawe mkubwa ukutani, na mimi na sinia yangu ya vifaa. Mkwe aliitazama sinia, akanitazama mimi.

"Ita mungine."

"Hakuna mungine, baba."

"Basi nitangojea."

"Kibofu haitangojea, baba. Itapasuka."

Alifumba macho. "Basi nitakufa na heshima yangu."

Mwanawe alianza kulia, mwanaume mzima mwenye watoto, akalia akiwa ameelekeza uso ukutani. Mimi nilisimama pale na sinia. Sikuwa na haki ya kumshika kwa nguvu, na sikuwa na haki ya kuondoka. Maumivu ndiyo yaliyoamua. Yalimjia wimbi moja, akashika chuma cha kitanda, akauma meno, na yalipopungua akamwambia mwanawe, "Lete koti."

Mwanawe alileta koti la abakosti. Mkwe akajifunika nalo uso, akalivuta mpaka kifuani, na sauti ikatoka ndani ya kitambaa. "Sasa bokilo yako haiko hapa. Bokilo iko mu koti. Huyu mwengine iko mugonjwa tu. Fanya kazi yako, infirmye."

Nilifanya kazi yangu. Zaidi ya hapo sisemi, haya bado ninayo. Nitasema tu kwamba beseni lilijaa, na kwamba alipopumua mara ya kwanza koti liliinuka na kushuka, kisha likaanza kutikisika, nikajua analia. Nilinawa mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilipoondoka alikuwa bado amejifunika.

Jumatatu daktari alirudi, akampima kwa kidole kama wanavyofanya. Daktari yule alikuwa mtu wa Kinshasa, kijana, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Alinivuta ukumbini na kunieleza kwa Kifaransa: ni tezi dume, ile iliyo chini ya kibofu, na si uvimbe wa kawaida wa wazee. Upande mmoja ni mgumu kama jiwe. Alidhani ni kansa. Alisema hata kuifikia ilikuwa taabu, kwa sababu ya unene wa mtu mwenyewe. Mafuta yamemficha mgonjwa.

Nilimuuliza kama hayo mafuta yanahusika pia na ugonjwa, au yanaficha tu.

 Alisema kuna wanaodhani kwamba yanahusika, kwamba mwili wenye mafuta mengi unailisha kansa hii, lakini yeye hangeapa. Miaka mingi baadaye, katika mafunzo, nilisikia jambo hilo likisemwa wazi zaidi. Mwembamba naye huipata, na mnene aweza kuzeeka asiione. Lakini ikimpata mtu mnene, mara nyingi huwa ile kali, yenye kusambaa, na hugunduliwa imechelewa. Wenzangu waliandika. Mimi niliona tu sufuria ya samli.

Dawa, alisema daktari, ni upasuaji mdogo. Kuondoa korodani zote mbili, kwa sababu ugonjwa huu unakula kutokana na kile kinachotengenezwa pale. Haitamponya, lakini itausinzisha ugonjwa. Kadiri inavyofanywa mapema ndivyo bora. "Wewe ni mkwe wake," alisema kwa furaha, kijana wa watu asiyejua. "Utamweleza vizuri."

Sonda ilipotolewa Mkwe aliweza kukojoa kidogokidogo, akarudi nyumbani. Tangu siku ile hakunitazama usoni. Nikiingia, alikuwa na jambo la kutazama dirishani. Nami nilifanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri kwetu angefanya. Nilimwendea mshenga wangu, yule fundi seremala, nikamweleza neno lote, nikampa kuku wa kupeleka. Alikuna kichwa, akasema neno ni zito, lakini kazi ya mshenga ni kubeba.

Alirudi jioni ileile akitabasamu. "Amekubali!"

"Mara moja hivyo?"

"Mara moja. Hata hakubisha."

Nilimshukuru Mungu. Sikumuuliza alisema maneno gani hasa, kwa sababu sikutaka kuyasikia yakirudiwa.

Kweli mambo yakaanza kubadilika. Mkwe alirudisha samli yangu bila kuifunua. Alikataa mkia wa kondoo. Alikula mboga na ugali na maharagwe, akisikitika waziwazi. Mkanda ukaanza kurudi nyuma: tundu la mwisho, lililofuata, lile la mapacha. Watu wakasema dawa ya lopitali inafanya kazi. Wengine, wenye ulimi, wakasema bokilo ameacha kumlisha mzee, na mimi nilivumilia kwa sababu nilijua siri ya matibabu. Nilingojea siku atakayokuja kwa upasuaji. Hakuja. Nikadhani anangojea kiangazi apange mambo ya ng'ombe wake. Kisha nikadhani anangojea Krismasi ipite. Kumwuliza sikuweza, na kumtuma mshenga tena ilikuwa kama kumharakisha mkubwa. Mvua zikaja zikaisha.

Akiwa Bogoro alianza kuumwa mgongo. Wakasema ni tumbo lile la zamani, lilivuta mgongo miaka mingi. Siku niliyosikia kwamba hawezi kuinuka bila kushikwa, nilikwenda kwa seremala. Alikuwa akipiga randa mlango. Nilimwuliza alichomwambia Mkwe siku ile, neno kwa neno.

Aliendelea na randa, maranda yakaanguka miguuni pake. "Nilimuambia daktari anasema apunguze mafuta."

"Na ile ingine?"

"Bokilo, ningeisema namna gani?" Hakuinua macho. "Miye njo nilienda kwa ule muzee kukuombea binti. Nirudi kwake nimuambie tunataka kumukata?"

Nilitaka kumpiga. Kisha hasira iliniishia pale pale. Alifanya nilichofanya mimi, alikuta neno halipiti mdomoni mwake, akapitisha lile linalopita. Kwetu husemwa kwamba mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumeuficha uchi wa mtu mwingine, kwa kupokezana, mpaka ugonjwa ukapanda mifupani.

Nilikwenda Bogoro peke yangu. Nilimkuta ameketi kwenye zizi, fimbo mapajani, anatazama maksai wake wakicheua. Nilisimama kando yake, macho yangu kwenye mgongo wa ng'ombe, nikamwambia yote. Nilitaja ugonjwa kwa jina lake. Nilitaja mahali. Nilitaja kitakachokatwa. 

Alishika fimbo kwa mikono miwili. Kisha nikasikia kitu, nikadhani ni kikohozi. Alikuwa anacheka.

"Dume yenye kukatwa inanonaka," alisema. "Batu ya Nizi banajua, nyama yake iko tamu sana. Kwanza munanikondesha, sasa munataka kuninonesha tena?" Alicheka mpaka akashika mgongo kwa maumivu. Nami nilicheka, na machozi yakanitoka nikicheka hivyohivyo. Alipotulia aliuliza kwa sauti nyingine. "Juu ya nini ulituma seremala?"

"Niliona haya, baba."

"Haya." Alilirudia neno hilo taratibu. "Na miye vilevile. Siku ile niliona iko anaficha kitu. Macho yake ilikuwa chini. Ningemuuliza. Sikumuuliza." Alichora chini kwa ncha ya fimbo. "Siye wote."

Alikatwa. Maumivu yalipungua, akatembea tena, akauza ng'ombe tena, na kwa muda uso wake ulijaa kidogo, akawa akinionyesha mashavu: "Unaona? Nilisema." Lakini hatukurudi kuwa kama zamani. Alinitazama sasa, ila kwa kuibia, na mimi nilimtazama kwa kuibia. Tulikuwa watu wawili walioonana.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa karamu ya familia Lumumba, kuelekea mwisho wa miaka ile ya themanini. Ugonjwa ulikuwa umeamka tena na sote tulijua. Alikuwa amekonda hata mkanda ulikuwa umepita tundu la kuanzia biashara, na mtu alikuwa ametoboa jingine, huku ndani karibu na kifungo, kwa msumari uleule. Koti la abakosti lilimning'inia mabegani. Watoto wake wa kiume waliketi upande mmoja, sisi wakwe upande mwingine kwenye benchi, macho chini kama inavyopasa. Mama mkwe na binti zake walikuwa mlangoni wakigawa chakula.

"Bokilo," aliita. Nilijua ni mimi, nikamwendea.

Alinyoosha mkono mkavu ule, akanishika chini ya bega, akaminya. Ilikuwa kama siku ile ya kwanza, ila sasa vidole vyake havikufika kuzunguka. Nilikuwa nimekwisha kuwa mkubwa wa wodi. Nilikuwa na tumbo langu, na mkanda wangu mpya ulifungwa kwenye tundu la mwisho. Kwa upumbavu nilingojea anisifu.

"Umenona," alisema. Watu walianza kucheka, tayari kwa utani. Yeye hakucheka. "Unakojoaka muzuri?"

 Mama mkwe alivuta kitenge mdomoni. Mke wangu alikodolea sakafu macho. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Swali lile nilikuwa nimewauliza watu nisiowajua miaka yangu yote ya kazi, na sasa nilijiona nimesimama uchi mbele ya wakwe zangu wote.

"Ndiyo, baba," nilinong'ona.

"Sema na nguvu. Basikie."

"Ndiyo, baba. Nakojoa muzuri."

Aliniachia, akamgeukia mwanawe mkubwa. "Na weye?" Kisha aliyefuata, kisha aliyefuata. Akavuka upande wa wakwe, akamwuliza kila mmoja, na kila mmoja alijibu akitazama miguu yake. Mwanawe wa pili, mnene kuliko sisi wote, alichelewa kujibu. Mkwe alingoja. Mwana akasema, karibu bila sauti, kwamba kwa mwaka mzima sasa mkojo unamkatikakatika.

"Kesho utaenda na huyu," Mkwe alisema, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Siyo mwezi kesho. Kesho."

Kisha akaweka mikono kwenye viti vya pembeni, akajaribu kuinuka. "Nataka kukojoa," alisema mbele ya wote, wazi, bila ndama. Wanawe waliinuka kwa pamoja kumsaidia. Akawazuia kwa kiganja, akaninyooshea mimi mkono. Macho yote ya nyumba ile yalikuwa mgongoni mwangu, na haya ilinishika kama siku ya kwanza. Nilipitisha mkono wangu chini ya koti, nikamshika kiunoni, tukatoka taratibu kwenda uani.